Kunakili si kunukuu: namna ya kumfundisha mtoto wa shule kutaja alikotoa

Mtoto akianza Darasa la Kwanza, amri anayoisikia mapema kuliko nyingi ni "nakili". Nakili herufi zilizo ubaoni, nakili sentensi zifuatazo, nakili kwa mwandiko mzuri. Akinakili bila kukosea anapata vema. Miaka minne baadaye anaambiwa aandike insha kuhusu mji wa Kilwa. Anafungua kitabu, anafanya kile kile alichokuwa akisifiwa nacho, na safari hii anaambiwa amedanganya. Kwake yeye, sheria imegeuzwa kimya kimya.

Kwa hiyo kazi yetu haianzii kwenye orodha ya marejeo mwishoni mwa insha. Inaanzia kwenye daftari la dondoo. Wizi wa maandishi kwa watoto hautokei siku ya kuandika, hutokea siku ya kusoma, pale mtoto anapojaza ukurasa mzima maneno ya kitabu bila kuandika yametoka wapi. Wiki ikipita, hata yeye hajui tena lipi lake na lipi la kitabu, na mara nyingi hapo hana nia mbaya hata kidogo.

Maneno manne ya kubandika ukutani

Watoto wengi hudhani kunakili na kunukuu ni kitu kimoja kwa sababu yanasikika karibu sawa. Yatenganishe kabla ya kufundisha kanuni yoyote. Andika kwenye manila, kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la mwisho: kunakili ni kuandika maneno kama yalivyo. Kunukuu ni kuandika maneno kama yalivyo, ndani ya alama za mtajo, na kumtaja mwenyewe. Kueleza ni kulisema wazo la mtu kwa sentensi zako, na bado kumtaja. Kufupisha ni kusema mengi ya mtu kwa maneno machache, na bado kumtaja.

Hilo "na bado" lipige mstari. Kosa linalowafuata wanafunzi hadi chuo kikuu ni kuamini kwamba ukishabadilisha maneno, wazo limeshakuwa lako.

Kwa watoto wa pwani kuna njia ya mkato ambayo walimu wengi huiacha. Mtoto aliyepita madrasa amesikia hadithi za Mtume zikianza na "Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira". Anajua tayari kwamba maneno huja na mpokezi wake, na kwamba msikilizaji ana haki ya kuuliza yamepita kwa nani. Aliyesomewa tenzi nyumbani amewahi kusikia mtunzi akijitaja katika beti za mwisho, pengine na mwaka aliotunga. Anzia hapo. Kutaja chanzo si desturi ngeni iliyoletwa na vyuo vikuu.

Kipindi cha kwanza, bila kitabu

Dakika 40 zinatosha. Wape watoto robo karatasi na dakika kumi, kila mmoja achore kitu anachokijua vizuri: mtumbwi, jiko la mkaa, daladala. Nyuma ya mchoro aandike jina lake. Kusanya, chagua michoro mitano, ibandike ubaoni, na chini ya kila mmoja andika jina la mtoto mwingine. Sifu kila mchoro kwa jina hilo lisilo lake. Darasa litachemka mara moja. Acha dakika moja tu, kisha geuza karatasi na umrudishie kila mtu mchoro wake mbele ya wote.

Sasa uliza: mchoro haukupotea wala haukuchanwa, kilichokuudhi ni nini? Jibu litakuja kwa namna moja au nyingine: "Nimechora mimi, anasifiwa yeye." Liandike ubaoni kwa maneno yao na uliache hapo siku nzima. Usifanye zoezi hili dakika tano kabla ya kengele. Mtoto akitoka darasani kabla hajarudishiwa jina lake, atakachokumbuka ni uchungu tu. Na usimchague yule ambaye tayari anachekwa na wenzake.

Chanzo kwanza, dondoo baadaye

Manila ya ukubwa wa A4 ikikatwa vipande vinne inatoa kadi nne nzuri za dondoo, lakini darasa la watoto 60 halitaziweza kila wiki. Daftari linatosha. Kila mtoto apige mstari wima, upande wa kushoto ubaki theluthi moja ya ukurasa. Kushoto ni mahali pa chanzo: jina la kitabu na namba ya ukurasa. Kulia ni mahali pa dondoo. Sheria ni moja: kushoto hujazwa kwanza. Kama kushoto ni kutupu, kulia hakuandikwi kitu.

Sheria hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayobeba kazi yote. Pale ambapo kitabu kimoja kinasomwa na watoto watatu au wanne, kitabu hakikai. Kipindi kikiisha kinakusanywa au kinahamia dawati jingine, na mtoto aliyejiambia "nitaandika ukurasa baadaye" hataupata tena. Ndipo anapobuni namba ya ukurasa. Kubuni chanzo ni kosa kubwa kuliko kukisahau, na watoto waambiwe hivyo waziwazi.

Baada ya hapo fundisha hatua tano kwa sauti, darasa zima lizitaje kama wimbo: soma, funika, simulia, andika, kagua. Chagua kifungu cha maneno 60 hadi 80. Mtoto akisome mara mbili kimya. Afunike kitabu na kuweka kalamu chini. Amsimulie jirani kwa dakika moja alichoelewa. Ndipo achukue kalamu, aandike dondoo tatu au nne, kila moja isizidi maneno matano, wala isiwe sentensi kamili. Mwisho afungue kitabu tena, na hapo akague majina, miaka na namba tu.

Hatua hizi huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, kidole kinabaki katikati ya kurasa na kitabu kinafunguliwa kidogo kidogo. Kitabu kiingie ndani ya dawati, au mtoto akikalie. Ya pili, mwalimu anaruka "simulia" kwa kuogopa kelele. Usiiruke, kwa sababu ndiyo inayozivunja sentensi za kitabu: mtu anayemweleza mwenzake jambo hulazimika kutunga sentensi zake. Ya tatu ni mtoto hodari wa kukariri, anayesimulia kifungu neno kwa neno. Huyo mpe jirani atakayemkatiza kwa maswali mawili ya "kwa nini?". Kilichokaririwa hakijibu "kwa nini".

Kifungu kimoja, insha tatu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, vipindi viwili au vitatu. Andika ubaoni kifungu hiki, au kingine unachokipenda, na chini yake uandike kimetoka wapi. Tuseme kimetoka kwenye kijarida cha darasa, ukurasa wa 2:

Kilwa Kisiwani ilikuwa mji tajiri wa pwani. Utajiri wake ulitokana na biashara ya dhahabu iliyoletwa kutoka Sofala, upande wa kusini. Watawala wake walitoa sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika hapo na kuusifu mji huo kwa uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia na kujenga ngome.

Mtoto wa kwanza anakiandika chote kama kilivyo, na chini anaweka jina lake. Hilo darasa zima litalitambua.

Mtoto wa pili anaandika: "Kilwa Kisiwani ilikuwa jiji lenye mali la mwambao. Mali yake ilitokana na uuzaji wa dhahabu iliyotolewa Sofala, kusini. Wafalme wake walitengeneza sarafu zao za shaba." Waulize watoto kama hii ni sawa. Wengi watasema ndiyo, maneno yamebadilishwa. Chukua chaki ya rangi, unganisha kwa mistari: mji na jiji, tajiri na lenye mali, pwani na mwambao, watawala na wafalme. Nguo zimebadilishwa, mifupa ni ile ile. Mpangilio wa sentensi ni wa kitabu, mfuatano wa mambo ni wa kitabu, na mwenye kitabu hakutajwa. Tena kubadilisha neno moja moja huleta makosa ya maana: kitabu hakikusema watawala walikuwa wafalme. Mtoto aliyebadilisha neno bila kulielewa ameongeza habari ambayo hana ushahidi nayo.

Mtoto wa tatu anaandika: "Watu wa Kilwa walitajirika kwa sababu dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao. Hata sarafu za shaba walitoa za kwao (kijarida cha darasa, uk. 2). Nafikiri mji unaotoa sarafu zake ni mji unaojitawala." Sentensi mbili za mwanzo zina wazo la kijarida kwa sauti ya mtoto, na chanzo kipo pale pale. Ya tatu ni yake, na neno "nafikiri" linaonyesha mpaka. Mfundishe mtoto kulitumia neno hilo bila woga. Anayejua kusema "hili ni langu" anajua pia kusema "lile si langu".

Kuna mtego mmoja kwenye kifungu hicho. Watoto watataka kuandika mwishoni: "Chanzo: Ibn Battuta, 1331." Hawakumsoma Ibn Battuta, wamesoma kijarida kinachomtaja. Chanzo ni kile ulichokishika mkononi. Waandike hivi: "Ibn Battuta aliusifu mji wa Kilwa, kwa mujibu wa kijarida cha darasa, uk. 2."

Yanayohusu lugha yetu

Miongozo ya nje husema maneno kadhaa yakifuatana sawasawa na ya kitabu, lazima yawekewe alama za mtajo. Ukichukua hesabu hiyo kama ilivyo utapotea, kwa sababu neno moja la Kiswahili hubeba mengi. "Walipowavamia" ni neno moja lenye mtenda, wakati na mtendwa. Kwa shule ya msingi, weka kikomo kwenye maneno manne mfululizo, ukiacha majina ya watu, mahali na vyeo. Yakifika manne, fungua alama za mtajo au funika kitabu uanze upya.

Kuwageuza watenda kuwa watendwa nako hakutoshi. "Wareno walijenga ngome" kuwa "ngome ilijengwa na Wareno" ni zoezi zuri la sarufi, lakini halimfanyi mtoto kuwa mwenye wazo.

Kuna pia tafsiri. Wanafunzi wa sekondari Tanzania husoma masomo mengi kwa Kiingereza, na wepesi wao hugundua kwamba makala ya Kiingereza ikipitishwa kwenye programu ya kutafsiri haitambuliki tena. Waambie mapema: wazo likivuka lugha halibadilishi mwenyewe. Wataje walikotoa na waongeze "tafsiri yangu". Dalili za tafsiri ya mashine mwalimu huziona bila taabu, hasa ngeli zinazogongana na sentensi zinazoanza na "Hii ni" mara tano katika aya moja.

Kiasi gani kwa umri gani

Darasa la Tatu na la Nne, mstari mmoja chini ya kazi unatosha: "Nimetoa kwenye kitabu cha Sayansi, uk. 18", au "Nimeambiwa na bibi." Usidai zaidi. Kuanzia la Tano hadi la Saba ongeza jina la mwandishi, na chanzo kiingie ndani ya insha, karibu na sentensi inayohusika. Kidato cha Kwanza na cha Pili ndipo orodha kamili inapoingia, yaani jina la mwisho la mwandishi, herufi za kwanza za majina mengine, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu lililopigiwa mstari, mji, kisha mchapishaji. Mitindo ni mingi, chagua mmoja na shule nzima iufuate. Mtoto akifundishwa mtindo huu na mwalimu wa Historia na ule na mwalimu wa Kiswahili, atabaki na hofu ya nukta na mabano, na hoja yenyewe itampita.

Wapeleke kwenye ukurasa wenye hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Wengi hawajawahi kuufungua. Pale pana mchapishaji, mwaka na namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Vitabu vingi vilivyochapishwa Tanzania utakuta 9976 au 9987 baada ya 978, vya Kenya 9966, vya Uganda 9970, na watoto hufurahia kutambua kitabu kilikozaliwa kwa namba. Wanachokosea hapo ni mwaka: wanaandika wa chapa ya mwisho badala ya wa toleo. Kitabu kikichapwa tena bila kubadilishwa, mwaka wa kuandika ni wa toleo. Kingine ni mwandishi. Vitabu vingi vya kiada mwandishi wake ni taasisi, na hapo jina la taasisi huandikwa zima, halikatwi.

Na vitabu vilivyopoteza jalada? Mwalimu atafute nakala moja nzima, aandike taarifa zote kwenye kipande cha karatasi, akibandike ndani ya kila kitabu kilichochanika. Ni kazi ya saa moja. Karatasi za fotokopi zipewe mstari wa chanzo kabla hazijapelekwa kutolewa nakala, kwa kuwa baada ya hapo hazina wazazi tena.

Google ni dalali

Swali likiwa "umetoa wapi?", jibu la "Google" ni kama kusema nyumba uliyopanga ni ya dalali. Dalali amekuonyesha nyumba, ila nyumba ina mwenyewe. Mtoto abonyeze, aingie kwenye ukurasa wenyewe, aandike jina la aliyeandika au taasisi, kichwa cha ukurasa, anwani yake, na tarehe aliyoufungua. Tarehe inahitajika kwa sababu kurasa hubadilishwa na kufutwa. Ujumbe uliosambazwa WhatsApp bila jina la aliyeuandika si chanzo, hata ukiwa umetumwa na mjomba. Picha nazo zina wenyewe, na chini ya kila picha paandikwe ilikotoka.

Programu za akili mnemba zinahitaji kipindi chake. Jambo la kwanza la kuwaonyesha watoto ni kwamba programu hizo huweza kubuni marejeo: jina la mwandishi, kichwa cha kitabu na mwaka, vyote vimepangwa vizuri, na kitabu hakipo. Sheria iwe rahisi: chanzo ambacho hukukifungua kwa mkono wako hukitaji. Aliyeruhusiwa kutumia programu aandike ni ipi, aliiuliza nini, na lini.

Mzee naye ni chanzo

Sehemu kubwa ya historia ya mitaa yetu haijaandikwa. Mtoto anapomwendea mzee, afundishwe kuingia kwa adabu na kutoka na ruhusa. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." "Mwalimu ametutuma tuulize habari za soko la zamani. Ukinieleza, naomba niandike kuwa nimeambiwa na wewe." Bibi akikubali, mtoto anaandika jina alilolikubali, kazi yake, mahali na tarehe. Akikataa, anaandika "mkazi wa mtaa wetu" na tarehe. Maneno ya mzee yakiwa matamu kiasi cha kutobadilishika, yanukuliwe kwa lafudhi yake, bila kusahihishwa.

Yasiyohitaji chanzo ni machache kwa umri huu: methali, maana mwenyewe hajulikani, na mambo ambayo kila mtu darasani anayajua bila kufungua kitabu, kama uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Ukilazimika kufungua kitabu ili ulijue, litaje. Watoto wakubwa watauliza kuhusu hakimiliki. Waeleze kwa mfano wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840: hakuna mtu wa kumlipa ukitumia mashairi yake, lakini ukiyaandika bila jina lake umeiba.

Swali lenyewe na usahihishaji

"Eleza umuhimu wa misitu" ni swali linaloita wizi, kwa kuwa jibu lake limeshaandikwa mara elfu. "Taja miti mitatu iliyo karibu na kwenu, uliza inatumika kwa nini, kisha linganisha na kitabu" halina pa kunakiliwa.

Kati ya alama 20, tenga 6 kwa daftari la dondoo na 4 kwa vyanzo. Kazi iletwe pamoja na dondoo, bila dondoo haisahihishwi. Alama zikiwa kwenye insha iliyomalizika peke yake, umemfundisha mtoto kwamba njia haina thamani.

Ukishuku, usianze na neno "mwizi" wala fimbo. Ukiona "aidha" na "sambamba na hayo" kwenye insha ya mtoto ambaye jana aliandika sentensi za maneno sita, mwite pembeni. Muulize maana ya maneno matatu aliyoyatumia. Au nakili aya yake moja ukiacha pengo kila neno la tano, umpe ajaze. Aliyeiandika hujaza mapengo mengi, au huweka neno linalokaribiana. Kosa la kwanza, arudie kwa kufuata hatua tano mbele yako. La pili, mzazi aitwe, na mzungumze pia juu ya nani hufanya kazi za nyumbani, kwani insha iliyoandikwa na kaka mkubwa ni ya kaka mkubwa.

Ubaoni pia, mwalimu, andika chanzo cha kila kifungu unachowapa, kona ya chini kulia, kila siku. Ukisahau, watoto waruhusiwe kunyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, umetoa wapi?"

Na siku mtoto wa Darasa la Nne akileta kazi yenye mstari huu, "Chanzo: mimi mwenyewe, niliona sokoni Jumamosi", mpe alama zote 4 za vyanzo.